Nani Kaleta Ng'onda Chumbani mwa Mzazi? La Kufanya Kifaa cha Umeme Kikiungua Ndani

Siku ya 12 tangu wifi yangu ajifungue, baada ya Isha, umeme ulikatika mtaani kwetu Kikwajuni. Ukarudi, ukakatika tena, halafu ukarudi kwa kishindo hata taa ya ukumbini ikawaka kama ya uwanja wa mpira. Mie nilikuwa jikoni nakoroga uji wa pilipili manga. Nikasikia "pwa!" kutoka chumbani kwa mzazi, kisha sauti ya mama yake wifi: "Nani kaleta ng'onda humu ndani?"

Hapakuwa na ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa, humo chumbani. TV ya ukutani ilikuwa imezimwa kwa rimoti, kama tulivyozoea wengi wetu, na TV iliyozimwa kwa rimoti bado ina umeme ndani. Kapasita kubwa ya saplai yake, yaani kipuri kinachohifadhi chaji kwenye sehemu inayoipa TV umeme, ilikuwa imepasuka, na moshi mweupe unashuka nyuma yake taratibu kuelekea kitandani kwa mtoto. Ile shombo ndiyo harufu ya maji ya kapasita. Sisi mafundi tunaijua kama tunavyoijua harufu ya risasi ya kulehemu.

Nina meza ya ufundi Mlandege, mwaka wa 16 huu. (Mteja mgeni akifika huniuliza fundi katoka saa ngapi. Nilishaacha kukasirika.) Kazi ya kapasita niliijulia wakati Unguja ilipokaa bila umeme tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010. Watu waliendesha nyumba zao kwa majenereta ya mitumba, na umeme wake ulipanda na kushuka unavyotaka, zikawa TV na redio zinaletwa kwa mafungu, zimeungua. Tulizifungua vichumbani bila dirisha, tunavuta moshi na kucheka. Kikohozi nilichokipata mwaka ule ndicho kilichonifundisha haya ninayoyaandika.

Mtu kwanza, swichi baadaye

Usiku ule sikuitazama TV. Nilimbeba mtoto, nikamshika wifi mkono, nikawatoa mpaka barazani. Mtoto mchanga huvuta pumzi kwa haraka kuliko sisi na mapafu yake bado machanga, kwa hiyo yeye ndiye wa mwanzo. Wanaofuata ni mjamzito, mwenye pumu na mzee mwenye maradhi ya moyo. Kama kuna ndege kwenye tundu mtoe naye, ndege hawana ustahamilivu wa moshi.

Kisha nikarudi nikashusha swichi kuu. Usiende kuchomoa plagi iliyo nyuma ya kifaa kinachofuka, maana utainamisha uso palepale moshi unapotokea, na hujui waya gani umebaki wazi. Shusha kwenye boksi la swichi. Ukiona mwali wa moto badala ya moshi, usimwage maji maadamu umeme haujakatwa. Kwa moto mdogo, kizima moto cha unga mkavu au cha gesi ya kaboni dioksaidi kinatosha. Ukiwa umeshika pazia au godoro, funga mlango, toka, waite Zimamoto. TV hununuliwa nyengine.

Halafu fungua madirisha, lakini kwa akili. Ilikuwa Juni, kusi linavuma. Nilifungua dirisha la kusini upepo uingie na la kaskazini moshi utoke, mlango wa ukumbini nikaufunga usije ukasambaa nyumba nzima. Wakati wa kaskazi ungefanya kinyume chake. Nyumba zetu zilijengwa kwa kufuata pepo hizi, ni sisi tunaoziziba kwa makabati. Kama umeme wa upande mwengine wa nyumba ni salama, weka panka ya kusimama dirishani ielekee nje, ivute moshi utoke. Ikielekea ndani inauzungusha tu.

Moshi wa kapasita moja, upepo ukiwa mzuri, hupungua ndani ya nusu saa. Hata hivyo usiku ule mzazi hakulala chumba kile. Tulimtandikia kwa mama yangu.

Chetezo ikae barazani

Hapa ndipo penye ugomvi, na nadhani kila nyumba ya Kizanzibari itaupata. Nilipotoka kushusha swichi nilimkuta mama yake wifi ameshatia makaa kwenye chetezo, ubani mkononi, anataka kufukiza chumba ile shombo iondoke. Mtoto alikuwa anafukizwa kila Magharibi, kwa hiyo kwake lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Nikamwambia, "Mama, naomba chetezo ikae barazani kwanza." Akanitazama kama nimeikataa mila ya watu. Nikamweleza kama nitakavyokueleza wewe.

Udi hauondoi moshi wa kapasita, unaongeza moshi mwengine juu yake. Makaa nayo yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu. Lakini kubwa zaidi ni hili: harufu ile ndiyo mlinzi wako. Kitu kikiwa bado kinafuka ndani ya TV, au waya uliomo ukutani umeanza kuyeyuka, pua ndiyo itakayokuambia kabla ya jicho. Ukiifunika kwa udi umemfunga mlinzi mdomo. Nimeshaletewa ekstensheni iliyoungua mpaka ikashika kitambaa cha kabati, na mwenye nyumba ananiambia alisikia harufu tangu asubuhi akapulizia manukato.

Akaikubali hoja ya mlinzi. Ya kaboni hakuikubali mpaka leo.

Pua inasemaje

Shombo, kama samaki au mkojo wa zamani, ni kapasita. Ndani yake mna karatasi iliyolowa maji ya dawa, mara nyingi ethilini glaikoli, ile ile inayotiwa kwenye rejeta ya gari, pamoja na chumvi za boroni na vitu vya jamii ya amonia. Hivyo vya jamii ya amonia ndivyo vinavyonuka samaki. Kapasita ikipata joto maji yanachemka, na juu ya kichwa chake mna alama ya msalaba au ya K iliyochorwa makusudi ili ipasukie hapo badala ya kuripuka. Kingi unachokiona ni mvuke. Unawasha macho na koo, unaumiza kichwa, lakini ukitoka nje mapema kwa kawaida hupita.

Harufu kali inayochoma pua, kama plastiki iliyotiwa jikoni, hiyo mbaya zaidi. Ganda la waya ni plastiki ya PVC, na likiungua linatoa haidrojeni kloraidi. Gesi hiyo ikikutana na unyevu wa pua na koo inakuwa asidi, ndiyo maana inachoma. Bodi ya kijani nayo imetiwa dawa ya bromini ili isishike moto, ikiungua inatoa jamaa wa gesi hiyo hiyo. Bodi iliyoungua mpaka ikawa nyeusi usiikalie kuichunguza.

Harufu ya vanishi na vumbi la moto ni ya koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya stabilaiza, panka au adapta ya kizamani. Huja polepole na hukupa muda.

Kwenye redio za mababu, zile za mbao, ukisikia harufu ya kabichi bovu au kitunguu thomu kilichooza, toka mbio. Baadhi zina kirekebisha umeme cha seleniamu, chenye vibati vilivyopangwa kama sahani, na moshi wake ni sumu kweli. Watalii wanazipenda redio hizi na wauzaji wa vitu vya kale wanaziwasha kuwaonesha kwamba zinafanya kazi. Msiziwashe jamani kabla fundi hajaziona.

Harufu tamu tamu kama ya rangi ya kucha, na simu au pawabenki imevimba, hiyo betri ya lithiamu. Hapo somo linabadilika kabisa: moshi wake unaweza kuwa na haidrojeni floraidi, na inaweza kuwaka tena baada ya kudhani imezimika. Toka, na ikipoa ikae nje juu ya mchanga, mbali na nyumba.

Friji ikiungua mota yake na ukahisi gesi, usiwashe kibiriti wala kubonyeza swichi ya taa, kwa sababu friji nyingi za sasa zina gesi ya isobutani inayoshika moto.

Maziwa, na lini uende hospitali

Kila mtu atakuambia unywe maziwa yakate sumu. Maziwa yanakwenda tumboni, moshi uko mapafuni, njia mbili mbali mbali. Kunywa ukipenda, koo litalainika kidogo, lakini usiyahesabu kuwa ni dawa. Dawa ni hewa safi na kukaa kitako ukatulia. Macho yanayowasha yaoshe kwa maji safi yanayotiririka, dakika 15, bila kuyafikicha. Uso na mikono kwa sabuni. Nguo zilizoingia moshi vua, zifuliwe peke yake. Hasa kanga uliyojifunika puani, usije ukambebea mtoto nayo.

Nenda hospitali, usingoje asubuhi, ukiona mtu anapumua kwa shida au kifua kinapiga filimbi, kinabana, sauti imekwama, amechanganyikiwa, au anatapika bila kukoma. Mwenye pumu ambaye dawa yake ya kuvuta haimsaidii aende pia. Moshi wa plastiki na wa betri una hila: mtu anaweza kujiona mzima, kisha baada ya saa kadhaa, hata siku ya pili, mapafu yakajaa maji. Kwa hiyo aliyevuta mwingi asiachwe alale peke yake chumbani. Mtoto mchanga mie sibahatishi. Tulimpeleka Mnazi Mmoja usiku ule ule ingawa alikuwa amelala zake. Akasikilizwa kifua, akaonekana salama, tukarudi. Ukifika mwambie daktari kilichoungua ni nini. "Moshi wa umeme" haumwambii kitu.

Kusafisha

Asubuhi yake nilirudi na vifaa: glavu za mpira, maski ya N95, matambara ya zamani, sabuni ya maji, magadi ya kuokea, mifuko ya plastiki. Maski inazuia masizi na vumbi, haizuii gesi. Ukiwa unahitaji maski ili uweze kustahamili harufu, chumba hakijawa tayari, ngoja.

Wifi alikuwa ameshashika ufagio. Nikamnyang'anya. Ufagio mkavu unarusha masizi hewani na unayavuta tena yale yaliyokwisha kutua. Futa kwa tambara lenye unyevu, kutoka juu kuja chini, likichafuka likunje upande wa pili, likijaa litie mfukoni ufunge. Usilichovye tena kwenye ndoo ukaendelea, maana utaupaka ukuta mzima supu ya masizi. Kwa ukuta na meza sabuni inatosha. Penye chuma, kama bawaba, fremu ya kitanda, nyavu za dirisha, tia kijiko kimoja kikubwa cha magadi ya kuokea katika lita moja ya maji, futa, kisha futa kwa maji matupu. Masizi ya PVC yana asidi na hewa yetu ina chumvi ya bahari. Vikikutana kwenye chuma utaona kutu kabla ya mwezi kwisha.

Nyuma ya TV nilikuta vipande vya karatasi na bati jembamba kama manyoya ya kuku, vimelowa kitu cha kunata. Hiyo ndiyo matumbo ya kapasita. Okota kwa glavu. Glaikoli ina utamu, na mtoto anayetambaa au paka akiilamba ni sumu. Kwenye kapasita moja ni matone tu, lakini paka hahitaji mengi, na nyumba gani Mjini haina paka?

Chakula kilichokuwa wazi chumbani kitupwe. Chupa ya mtoto na chuchu zake, mie nilitupa. Ukitaka kuzihifadhi zioshe kwa sabuni kisha zichemshe. Chandarua, mashuka, mapazia yafuliwe yote na kuanikwa juani. Godoro tuliliegemeza ukutani uani, upepo na jua siku 2, shombo ikatoka.

Ndani ya kifaa

Kama si fundi, ishia kwenye ganda la nje. Sikutishi ili unipe kazi. Ndani ya TV ile, kapasita kubwa hubeba volti 325, na kwenye TV nyingi za sasa hupanda mpaka 380 au 400, na chaji inaweza kubaki baada ya plagi kuchomolewa. Maikrowevu usiifungue kabisa: ndani mna maelfu ya volti, na kauri ya magnetroni, kile kipuri kinachotoa mawimbi ya kupikia, kwenye baadhi yake ina beriliamu, ambayo vumbi lake likiingia mapafuni halitoki.

Kwa vijana wanaojifunza: plagi itoke, ngoja dakika 5, kisha toa chaji kwa rezista ya kilo-omu 2.2 ya wati 5 iliyofungwa kwenye waya zenye ganda zuri, ishikilie sekunde 10, halafu pima kwa mita. Chini ya volti 10 ndipo uguse. Msitumie bisibisi kupigisha cheche, mtajitia upofu wa jicho kwa sifa za kijinga.

Maji ya kapasita yaliyomwagika kwenye bodi yanakula njia za shaba na yanapitisha umeme pasipotakiwa. Sugua kwa mswaki wa zamani na spiriti, ile ya isopropili wanayouza kwenye maduka ya vifaa vya simu. Ya hospitali ina maji mengi, itakubidi uikaushe zaidi. Petroli na mafuta ya taa, hapana. Spiriti inashika moto upesi, kwa hiyo fanya kazi dirishani na, nikirudia, chetezo ibaki barazani. Pale bodi ilipogeuka kaa jeusi kufuta hakutoshi. Kaa linapitisha umeme, litawaka tena mahali pale pale. Likwanguliwe mpaka ionekane rangi safi, au bodi ibadilishwe.

Jengine: choki za taa za mirija za zamani, vile visanduku vya koili vilivyomo ndani ya taa, na kapasita zake za bati. Ukiona zinavuja mafuta ya kunata, usizifungue wala kufuta kwa mkono mtupu. Zile za kabla ya miaka ya 1980 zinaweza kuwa na mafuta ya PCB, ambayo ni miongoni mwa sumu zilizowekwa kwenye Mkataba wa Stockholm wa 2001. Zifunge kwenye mifuko miwili na uzitenge. Taa za kubana matumizi zenye zebaki ndani zikivunjika nazo, okota vigae kwa karatasi ngumu, usifagie.

Usiwashe kifaa "kujaribu tu." Najua mkono unawasha. Fyuzi iliyokatika usiibadilishe kwa waya au kwa kubwa zaidi. Ilikatika kwa sababu.

Takataka

Mfuko wa matambara na matumbo ya kapasita funga vizuri utupe na taka, mbali na watoto. Usiuchome uani. Na hili linanikera: vijana wanachoma waya pembezoni mwa mitaa watoe shaba wauze kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Moshi ule mweusi ndio ule ule wa PVC, na ndani yake mna sumu za dioksini zinazokaa mwilini miaka. Waya unamenywa kwa kisu. Inachukua saa moja zaidi, na shaba isiyoungua ina bei nzuri kuliko iliyoungua. Mabaki ya bodi mie nayaweka kwenye debe, nachomoa vipuri vizima, vyengine navitenga.

Ile TV nilitia kapasita mpya ya mikrofaradi 100 ya volti 450, fyuzi, na varista, kipuri cha kukinga umeme unaopanda ghafla, iliyokuwa imepasuka pamoja nayo. Kapasita hizi nyingi zimeandikwa nyuzi 105, na kila ukipunguza joto lake kwa nyuzi 10 umri wake huongezeka karibu mara mbili, ndiyo maana nimeitoa kwenye kona iliyobanana na kabati nikaitundika ukumbini penye upepo. Sasa ina swichi yake ukutani, inazimwa huko.

Siku ya arubaini wageni walijaa mpaka uani. Jirani akaleta fungu la ng'onda, wa kweli huyu, akaliweka jikoni bila kusema. Mama yake wifi alikuwa chumbani anamvisha mtoto. Nikasikia anapiga kelele "Mtoeni mtoto!", halafu nyumba nzima ikazama gizani, biriani iko kwenye jiko la umeme.

Alikuwa ameshusha swichi kuu.